Ng'ambo na Sanduku: Mzigo wa Mwanafunzi kutoka Bonde la Tana

Neno ng'ambo, kabla ya kuwa jina la nchi za mbali, lilikuwa jina la upande wa pili wa maji. Katika mji wa Unguja ndilo jina la mitaa iliyokuwa ng'ambo ya hori lililoutenga Mji Mkongwe na mashamba. Katika bonde la mto Tana maana hiyo ya kwanza haijachakaa. Mkulima wa Chewele, katika nchi ya Bura, ambaye shamba lake liko ukingo wa pili wa mto, huvuka asubuhi kwa mtumbwi na jembe lake na chakula chake, na watu wa nyumbani wakiulizwa husema yuko ng'ambo. Jioni, mamba wakimstahi, amerudi. Neno hilohilo ndilo limpelekalo kijana wa bonde hilo London, Berlin au Kansas kwa miaka minne. Tofauti ya safari hizi mbili si masafa peke yake. Aendaye ng'ambo ya kwanza hahitaji sanduku. Aendaye ng'ambo ya pili huanza kwa sanduku, na kabla hajapanda chombo chochote sanduku hilo limekwisha kumwamulia mambo mengi.

Historia ya masomo ya ng'ambo katika Afrika ya Mashariki aghalabu imeandikwa kwa kufuata vyuo, shahada na vyeo walivyovipata waliorudi. Mzigo wenyewe umepuuzwa, labda kwa sababu huonekana kuwa ni jambo la nyumbani, la akina mama na dada. Makala haya yanaufuata mzigo huo. Dai lake ni kwamba yaliyotiwa sandukuni hayakuamuliwa hasa na matakwa ya msafiri, bali na chombo alichosafiria na mizani aliyopitia. Na kwamba katika mzigo huo lugha ya nyumbani, ambayo wakati wa kwenda haikupewa nafasi yoyote, ndiyo iliyokuja kuwa nzito wakati wa kurudi.

Ushahidi wa kwanza ni wa lugha. Msafiri wa Kiswahili hufunga safari. Kitenzi hiki ni cha kamba, si cha kufuli: kabla ya kuwa na vitu vya kutia ufunguo, watu walifunga furushi, bunda, robota na mtumba, navyo vyote havina kifuniko. Vyombo vyenye kifuniko vilikuja na majina yao kutoka baharini. Sanduku ni neno la Kiarabu. Kasha na bweta ni ya Kireno. Shanta ni ya Kituruki iliyopitia Kiarabu, na begi na sutikesi ni ya Kiingereza. Kila neno limebaki na tabia ya mgeni aliyelileta. Kasha ni kubwa, la mbao, hukaa pembeni mwa chumba na kurithiwa. Bweta ni dogo, la vito na hati. Shanta huchukuliwa mgongoni, hata likazoeleka kwa askari. Sutikesi ni ya abiria, mtu asiyechukua mzigo wake mbali bali huukabidhi kwa mwingine na kupewa kipande cha karatasi. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa chombo cha nyumbani ambacho majina yake yanaeleza kwa uwazi namna hii zamu za waliotawala bahari.

Viambishi vya kitenzi hicho navyo vina habari. Mtu hufunga mzigo wake, lakini pia hufungiwa, na wenziwe humfungasha. Katika maneno haya msafiri si mtenda peke yake. Sanduku la mwanafunzi hufungwa na ukoo: huyu ametia kanga, yule chupa ya asali, mwingine ameagiza barua ipelekwe kwa mtu ambaye huyo mwanafunzi hatamwona kamwe. Anayelifunga sanduku lake peke yake, chumbani, mlango umefungwa, ni mtu wa kusikitikiwa.

Bonde la Tana lilikuwa na ustadi wake wa kufunga mizigo kabla ya sanduku kufika. Waorma, wafugaji wa nyika zinazouzunguka mto, walikuwa na nyumba za fito na mikeka ambazo wanawake walizijenga na kuzivunja, wakazipakia juu ya wanyama, wakahamia malishoni. Kwao nyumba nzima ilikuwa mzigo, na aliyejua kuifunga alijua hesabu ya kila fito. Wapokomo, wakulima wa kando ya mto, walifunga mizigo kwa kipimo cha mtumbwi: kilichoweza kukaa chini bila kuupindua ndicho kilichosafiri. Mto ulishuka hadi katika delta, na kwa mfereji wa Belezoni uliounganisha Tana na Ozi, mitumbwi iliweza kufika Kau na Kipini, ambako jahazi zilingoja. Yaani, kwa mtu wa Chewele wa karne ya 19, njia ya kwenda duniani haikupita Nairobi, mji ambao haukuwapo. Ilishuka na maji hadi Lamu.

Huko Lamu masomo ya ng'ambo yalikuwa jambo la kawaida zamani sana kabla ya Mzungu yeyote kutoa ufadhili. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyefariki Unguja mwaka 1925, alisafiri Makka na Hadhramaut kutafuta elimu, akarudi kufundisha. Msafiri wa aina hiyo alikwenda na pepo za msimu: kaskazi ikimleta, kusi ikimrudisha kaskazini, na chombo chake kilikuwa jahazi, ambalo halikumpimia kasha kwa ratili. Kwa hiyo mwanachuoni wa jahazi aliweza kuchukua vitabu. Hili ni jambo la kukumbukwa, kwa kuwa litakoma baadaye. Vitabu hivyo vilikwenda na kurudi. Vilinakiliwa ugenini na nyumbani. Na kasha lililorudi Lamu lilikuwa zito kuliko lile lililoondoka. Habib Saleh alipouanzisha msikiti na chuo cha Riyadha, na kuwafungulia mlango watu ambao mabwana wa mji hawakuona haja ya kuwasomesha, elimu hiyo ya kasha iliweza kupanda tena kuelekea bara.

Wakati huohuo mkondo wa pili ulianza, nao ulikwenda upande mmoja tu. Mwaka 1878 Clemens Denhardt na Gustav Fischer walipanda mto Tana. Wamethodisti wa Uingereza waliweka kituo Golbanti, ambako mwaka 1886 mmisionari John Houghton na mkewe waliuawa katika shambulio la Wamaasai. Mwaka uliofuata Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walifika Ngao, si mbali na Garsen. Miongoni mwao alikuwa Ferdinand Würtz, aliyekaa na Wapokomo, akaandika maneno yao na sarufi yao, na katikati ya miaka ya 1890 kazi hiyo ikachapishwa Ujerumani katika jarida la lugha za Kiafrika, kamusi yake ikiwa imekiweka Kipokomo pamoja na Kitikuu. Baadaye kidogo, kabla ya vita vya 1914, Alice Werner alifika bondeni, akaandika juu ya Wapokomo, kisha akawa mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha London kilichokuja kujulikana kama SOAS. Watu hawa walistahiki heshima kwa bidii yao, na si haki kuwatia wote katika kapu moja na watawala. Lakini tukiangalia mizigo, habari ni moja: daftari zilifungwa Ngao zikafunguliwa Ulaya. Waliosema maneno hayo, na kuyarudia polepole hadi mgeni akayashika, walibaki ukingoni.

Kuna mtu mmoja wa pwani ambaye maisha yake yanaunganisha mikondo hii miwili. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliondoka Bagamoyo mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Alikuwa mwalimu, si mwanafunzi, ila alisafiri katika njia ile ile ya elimu, na alichokichukua hakikuhitaji kufuli. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichotoka mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten kilitokana kwa sehemu kubwa na maandishi yake Mtoro. Mwaka 1905 alifunga mizigo kurudi nyumbani na mkewe, mwanamke wa Kijerumani. Wakuu wa koloni wakakataa mke huyo asishuke pwani, na mume hakukubali kushuka bila yeye. Masanduku yao yakarudi Ujerumani na meli. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Katika kumbukumbu zote za safari za masomo za Afrika ya Mashariki ni vigumu kupata sanduku lenye uchungu kuliko hilo, lililofika hadi mbele ya nyumbani likazuiwa lisifunguliwe.

Chini ya ukoloni wa Kiingereza njia ya kijana wa Tana iligeuka. Shule za sekondari zilikuwa mbali: Mombasa, au Alliance huko Kikuyu, iliyofunguliwa mwaka 1926. Ng'ambo ya kwanza ya elimu ikawa shule ya bweni, na chombo chake kikawa sanduku la bati. Hili linastahili kuelezwa, kwa sababu wasomi wengi wa Kenya walilikalia kabla ya kukalia kiti cha mhadhara. Ni sanduku la mafundi wa mitaani, la bati lililokunjwa na kupigwa rivети za chuma, lina mishikio miwili na komeo la kufuli, na kifunikoni jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi, herufi kubwa, mara nyingi na jina la shule chini yake. Kabla ya hapo jina la mtoto lilikuwa midomoni mwa watu. Sasa limeandikwa juu ya mali yake, naye analiona kila akienda kutafuta sabuni. Ndani mna blanketi, sare, daftari, na kitabu cha dini. Kufuli hufundisha somo lisilo katika ratiba: ya kwamba kilichomo ni cha mmoja. Mtoto aliyetoka katika nyumba ambamo kapu ni la wote hulijifunza somo hilo kwa haraka, na wengine hawalisahau tena.

Sanduku la bati lilistahimili meli. Wanafunzi wa kwanza wa Kenya waliokwenda Uingereza na Marekani kabla ya vita vya pili, kama Mbiyu Koinange aliyeondoka mwaka 1927, walisafiri kwa bahari, safari ya majuma kadhaa, na mzigo mkubwa uliwekwa chini melini. Ndege ndiyo iliyolishinda. Kanuni ya kawaida ya mashirika ya ndege katika miaka ya 1950 na 1960 ilimruhusu abiria wa daraja la chini kilo 20, yaani ratili 44, na wa daraja la kwanza kilo 30. Sanduku la bati lenyewe, likiwa tupu, lingekula sehemu kubwa ya ruhusa hiyo. Hesabu nyingine inafaa kuwekwa kando ya hii. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 alichukua mtumba wa karibu frasila 2, kiasi cha kilo 32. Kwa hiyo msomi aliyerushwa angani kwa mashine ya kisasa kuliko zote aliruhusiwa mzigo mdogo kuliko ule uliowekwa begani pa mtu mmoja aliyetembea kwa miguu kutoka Tabora. Maendeleo yana vichekesho vyake.

Mwaka 1959 mambo haya yote yalikutana. Tarehe 3 Machi, katika kambi ya Hola, chini ya Chewele kwa kufuata mto, watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa hadi kufa kwa sababu ya kazi ya kuchimba mfereji wa kilimo. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Bunge la Uingereza liliijadili habari hiyo mwezi wa Julai, na jina la mahali pa kando ya Tana likasomwa katika magazeti ya ulimwengu. Miezi sita baada ya vifo hivyo, Septemba 1959, ndege iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya na marafiki zake wa Kimarekani. Mwaka uliofuata wakfu wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na hadi mwaka 1963 wanafunzi karibu 800 wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamekwenda. Mmoja wa waliokwenda mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyepelekwa chuo cha Atchison, Kansas. Matukio hayo mawili hayasimuliwi pamoja, ilhali ni ya mwaka mmoja na yalitokana na utawala mmoja: huku watu wakilazimishwa kushika majembe, huku wengine wakitafuta sutikesi za kuazima.

Mpango huo ulilazimisha uchaguzi katika kilo 20. Vyeti vilikwenda kwanza, si sandukuni bali kifuani. Nguo zilifuata, kwa kuwa kila aliyetoa shauri alianza na baridi. Kiswahili kilikuwa na neno theluji tangu zamani, kutoka Kiarabu, na msomaji wa vitabu vya dini alilijua bila ya kuligusa. Kwa kijana wa Tana kuna kinaya hapa. Maji anayoyanywa yanashuka, kwa sehemu, kutoka Mlima Kenya, ambao Krapf aliuona mwezi wa Desemba 1849 akatoa habari ya theluji yake, akabishiwa na wataalamu waliokaa London. Mtu aliyekulia juu ya maji ya theluji ilimbidi aazime koti. Leo koti hilo hununuliwa Gikomba au Kongowea, katika marobota ya nguo kuukuu yaliyotoka nchi zilezile za baridi. Nalo neno mtumba, lililokuwa jina la mzigo wa mpagazi, limekuwa jina la koti lenyewe, linalorudi kwao sandukuni mwa mwanafunzi.

Baada ya nguo, zawadi za ukoo. Na hapo mizani ilikuwa imekwisha kusema. Wengi walivaa nguo mbili mbili na kujaza mifuko ya koti. Vitabu ndivyo vilivyoachwa. Kamusi ya Kiswahili ya mwaka 1939, kazi ya Frederick Johnson na Kamati ya Lugha, ilikuwa nzito, na kijana aliyekwenda kusoma uchumi au udaktari kwa Kiingereza angeonekana mjinga kuipa nafasi ya viatu. Hakuna aliyekataza lugha isifungwe, wala mizani haikujua lugha. Lakini chombo kikiwa kidogo, kinachotolewa kwanza ni kile ambacho kila mtu anadhani kitakuwapo daima. Mwanachuoni wa jahazi hakulazimika kuchagua kati ya kitabu na vazi. Mwanafunzi wa ndege alilazimika, na uchaguzi wake ulitangaza, bila yeye kukusudia, kwamba elimu iko kule aendako.

Kitu kimoja kilipita mizani bila kupimwa. Wimbo wa taifa wa Kenya uliotumika tangu Desemba 1963 ulitungwa juu ya sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Mtu wa bonde aliyekuwa ng'ambo siku zile aliondoka akiwa na sauti ya mama, na kwa redio akaisikia inapigwa na bendi ya askari.

Kurudi kulikuwa habari nyingine. Watu wa nyumbani walilitazama sanduku kwa macho ya kufungua: kila aliyefunga kitu alitazamia kufunguliwa kitu. Hilo ni deni halali, na wasomi wanaolilaumu huwa wamesahau ile asali. Lakini kwa wale wachache waliosomea lugha, tangu miaka ya 1970 na kuendelea, kulikuwa na mzigo wa pili. Mwanafunzi wa isimu kutoka Tana aliyefika maktaba ya London au Hamburg alikuta Kipokomo kimemtangulia. Kamusi ya Würtz ilikuwa rafuni. Makala ya Werner yalikuwa yamejalidiwa. Maneno ya bibi yake yalikuwa yamepangwa kwa herufi na kufasiriwa kwa Kijerumani, na ili kuyasoma alipaswa kwanza kujifunza Kijerumani. Kazi za baadaye, kama kitabu cha Derek Nurse na Thomas Hinnebusch cha mwaka 1993 juu ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, ziliandikwa na kuchapishwa huko huko. Basi sanduku lililokwenda na nguo likarudi na nakala za kupiga picha: kurasa za lugha ya nyumbani, zilizolipiwa kwa sarafu moja moja mbele ya mashine. Zilizozidi kilo zilitumwa kwa posta ya meli zikafika baada ya miezi, kona zimekunjika.

Inaweza kujibiwa kwamba lau daftari zile zisingalipelekwa Ulaya zingaliliwa na mchwa au kuchukuliwa na maji. Jibu hili lina ukweli nusu. Tana hufurika, gharika za 1961 na za 1997 hadi 1998 zilivunja vijiji na kukata njia ya Garsen. Lakini maktaba ya Hamburg nayo iliungua kwa mabomu mwaka 1943, ikapoteza vitabu laki kadhaa. Hakuna rafu isiyo na gharika yake. Kinachotofautiana ni nani aliye karibu kuokoa, na kama anaweza kusoma anachokiokoa.

Siku hizi mashirika mengi huhesabu kilo 23 kwa sanduku, na kamusi ya Würtz inaweza kusafiri katika simu bila uzito wowote. Sutikesi ina magurudumu, ambayo hayana faida katika udongo mweusi wa Bura mvua ikinyesha. Mpaka barabara kuu hubebwa kichwani, kama robota. Sanduku la bati limebaki nyumbani. Halijatupwa, kwa maana bati halipiti mchwa, na komeo lake bado linafunga. Katika nyumba za waliosoma ndimo zinamokaa nakala zile za miaka ya 1970 na 1980, wino umefifia, chini ya vyeti na hati za shamba. Na maji ya mto yakianza kupanda, sanduku huinuliwa juu ya boriti, au huwekwa katikati ya mtumbwi na kuvushwa ng'ambo.